Hewa ya Dunia Inavyopimwa, Kutoka Mauna Loa hadi Mlima Kenya

Hewa kavu ya dunia ina nitrojeni asilimia 78.08, oksijeni asilimia 20.95 na agoni asilimia 0.93. Gesi hizo tatu ndizo karibu hewa yote, na mgawanyo wake ni uleule Lamu, Kampala na London. Kinachobaki hakifiki hata sehemu moja katika elfu. Humo ndimo imo hewa ya ukaa, ambayo wanakemia huiita kabonidioksidi, pamoja na methani, ozoni na gesi za viwandani zinazohesabiwa kwa sehemu katika trilioni. Masalia hayo husaidiana na mvuke wa maji kulizuia joto la ardhi lisitoroke lote angani, na ozoni iliyomo huwakinga viumbe dhidi ya mionzi mikali ya jua. Mvuke wenyewe hauingizwi katika mgawanyo huo kwa sababu hupanda na kushuka kila saa, kutoka karibu sifuri jangwani hadi kama asilimia 4 kwenye joto la tropiki. Ndiyo maana sampuli nyingi hukaushwa kabla ya kupimwa.

Mwaka 1785 Mwingereza Henry Cavendish alipitisha cheche za umeme kwenye hewa aliyoiongezea oksijeni, akaendelea hadi nitrojeni ikamezwa na myeyusho. Kikabaki kiputo kidogo, kisichozidi sehemu moja kati ya 120, ambacho hakuna cheche iliyoweza kukipunguza. Alikiandika, kisha kikasahaulika. Zaidi ya karne moja baadaye Lord Rayleigh aliona kwamba lita moja ya nitrojeni iliyotolewa hewani ina uzito wa gramu 1.257, ilhali ile iliyotokana na kemikali ina gramu 1.251. Tofauti hiyo ingeweza kupuuzwa kuwa ni kosa la mizani. Rayleigh na William Ramsay hawakuipuuza, na mwaka 1894 wakaitangaza agoni, gesi ambayo binadamu alikuwa akiivuta tangu alipoumbwa bila kuijua.

Hewa ya ukaa ilisumbua zaidi. Hadi miaka ya 1950 vipimo vyake vilipishana mno, hata wataalamu wengi wakaamini kwamba kila mahali pana kiwango chake. Charles David Keeling, kijana mwanakemia wa California, alijiundia chombo cha kupima mgandamizo wa gesi, akawa anakusanya hewa katika chupa za kioo usiku na mchana, mbali na miji. Aligundua kwamba usiku kiwango hupanda kwa sababu mimea na udongo hupumua, lakini alasiri, hewa inapochanganyika vizuri, hurudi kwenye sehemu zipatazo 310 kwa milioni popote anapopima. Kulikuwa na kiwango cha msingi cha dunia nzima, ila kilifunikwa na kelele za karibu.

Machi 1958 chombo chake kingine, cha aina tofauti, kilianza kazi kwenye mlima wa volkano wa Mauna Loa, Hawaii, karibu mita 3,400 juu ya bahari. Kipimo cha mwanzo kilikuwa sehemu 313 kwa milioni. Chombo hicho kilipitisha mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, ndani ya bomba lenye hewa. Kabonidioksidi hufyonza sehemu mahususi ya mwanga huo, hivyo kadiri gesi inavyozidi ndivyo mwanga unaofika upande wa pili unavyopungua. Mashine za leo hutumia leza iliyofungiwa kati ya vioo ving'avu sana, na mwanga hurudi na kwenda hadi ukawa umesafiri kilomita nyingi ndani ya kijumba kidogo.

Hata hivyo mashine, iwe bora namna gani, huyumba. Mchango mkubwa wa Keeling ulikuwa nidhamu ya kuisahihisha. Kila baada ya muda mashine huachishwa hewa ya nje na kulishwa hewa ya mtungi ambayo kiwango chake kinajulikana. Mtungi huo nao umepimwa kwa mtungi mwingine wenye daraja la juu, na mlolongo huo huishia kwenye maabara kuu ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, iliyoko Boulder, Colorado, kama vile mawe ya mizani ya sokoni yanavyokaguliwa kwa mawe ya serikali. Kwa njia hiyo vituo vya kaskazini mwa dunia hutakiwa vikubaliane hadi sehemu 0.1 kwa milioni. Pasipo mlolongo huo, kipimo cha mwaka 1958 na cha mwaka huu visingeweza kuwekwa kwenye mstari mmoja.

Mstari huo ulionyesha mambo mawili. Kila mwaka kiwango hufika kilele mwezi Mei, kisha hushuka hadi Septemba au Oktoba, misitu ya kaskazini inapokuwa imefyonza kaboni ya kutosha. Na kila mwaka kilele kipya hukipita cha mwaka uliotangulia. Mwaka 2024 wastani wa Mauna Loa ulivuka sehemu 424 kwa milioni. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya enzi ya viwanda kiwango hicho kilikaa kati ya sehemu kama 170 na 300. Kwamba ongezeko linatokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi kunathibitishwa na vipimo vingine: kaboni inayoongezeka hewani ina alama ya mabaki ya mimea ya kale, na oksijeni, ambayo Ralph Keeling, mwana wa Charles, amekuwa akiipima kwa miongo kadhaa, inapungua kidogo kidogo kama inavyotarajiwa pale kitu kinapoungua.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika kazi hii, na inastahili kujulikana zaidi. Kituo cha WMO cha Mlima Kenya kilizinduliwa mwaka 1999, takriban mita 3,680 juu ya bahari, chini ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kwa msaada wa wataalamu wa Uswisi. Mlima wenyewe huwachagulia watafiti saa za kupima. Mchana jua hupasha miteremko joto, na upepo hupanda ukibeba moshi na pumzi ya mashamba na misitu ya chini. Usiku upepo hugeuka, hewa safi ya juu ikateremka hadi kituoni, na hapo ndipo vipimo huwakilisha eneo pana la ikweta. Huko Dagoretti, Nairobi, puto hurushwa kila wiki likiwa na kifaa kidogo chenye myeyusho wa iodidi ya potasiamu. Ozoni inapoingia humo huzalisha mkondo hafifu wa umeme, na kiasi chake hutumwa kwa redio hadi puto linapopasuka, kama kilomita 30 juu. Nchini Rwanda, kituo cha Mlima Mugogo hupima gesi zinazoongeza joto duniani.

Bado vituo hivyo ni vichache mno kwa bara kubwa kama Afrika, na upungufu huo una gharama. Mwaka 2018 wapimaji wa Marekani waligundua kwamba CFC-11, gesi inayoharibu ozoni na iliyopigwa marufuku chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ilikuwa ikipungua hewani polepole kuliko ilivyopaswa. Kuna mtu aliyekuwa akiitengeneza upya. Vituo vya Gosan nchini Korea Kusini na Hateruma nchini Japani vilisaidia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya gesi hiyo mpya ilitoka mashariki mwa China, na baada ya hapo utoaji ukashuka. Vilifaulu kwa sababu vilikuwa mahali upepo unakopita. Gesi kama hiyo ingetolewa katikati ya bara lisilo na vituo, ingeonekana duniani bila kujulikana ilikotoka.

Setilaiti huziba sehemu ya pengo. Zenyewe hupima mwanga wa jua ulioakisiwa na ardhi, na kusoma rangi zilizofyonzwa na gesi njiani. Ndizo zilizoonyesha methani ikiongezeka juu ya kinamasi cha Sudd, Sudan Kusini, katika miaka ya 2010, wakati maji mengi yalipotiririka kutoka maziwa makuu kupitia Nile Nyeupe. Lakini setilaiti huona hewa yote kwa pamoja, kutoka ardhini hadi juu kabisa, na mawingu ya tropiki huzifunga macho siku nyingi. Hesabu zake hulinganishwa na vyombo vya ardhini, vilivyosahihishwa kwa mitungi ileile ya Boulder.