Kabla Hujaosha Injini, Isome

Jumatatu ni siku ya magari yaliyooshwa Jumapili. Nalitambua gari la aina hiyo kabla halijafika getini: linatetemeka kama mtu mwenye homa, linakosa nguvu kwenye kale kamwinuko ka kuingilia gereji, na taa ya injini inawakawaka kwenye dashibodi. Mwenyewe anashuka na maneno yale yale: "Fundi, jana lilikuwa zima kabisa." Nafungua boneti, nakuta injini inang'aa kama sufuria mpya.

La mwisho lilikuwa Toyota IST. Injini yake, ile 1NZ iliyojaa barabarani hapa Dar es Salaam, ina koili nne zilizopangwa juu, kila moja imeikalia plagi yake, na plagi imejificha chini kwenye shimo refu. Nilifungua bolti kwa spana namba 10, nikaivuta koili ya pili. Mguu wake wa mpira ukatoka unachuruzika. Nikamulika kwa tochi ya simu. Chini kulikuwa na maji kiasi cha kijiko cha chai, yameizunguka shingo ya plagi.

Koili huzalisha umeme wa makumi ya maelfu ya volti. Umeme huo ukikuta unyevu nje ya plagi, unapita huko huko kwa sababu ni rahisi zaidi, na cheche ndani ya silinda haitokei. Petroli inaingia na kutoka bila kuungua. Ndiko mafundi tunakoita kumisi: silinda tatu zinafanya kazi, ya nne ni abiria.

Hapo wengi huharibu zaidi kwa kukimbilia kufungua plagi. Ukiifungua shimo likiwa na maji, maji yote na mchanga wake vinadondokea ndani ya silinda. Kwanza puliza kwa kompresa, au sokota kitambaa kwenye bisibisi ukayanyonye mpaka shimo likauke. Ukitoa plagi ukaona mstari mwembamba mweusi umejichora kwenye ule weupe wake, itupe. Umeme umeshazoea njia hiyo.

Sisemi usioshe. Mafuta yanayovuja hula mipira ya injini na kunasa majani makavu, na majani yenye mafuta karibu na ekzosi ni kuni. Ila mtu akiniuliza kwa nini aoshe, jibu langu si urembo. Osha ili uone.

Na ili uone, anza kwa kuusoma uchafu wenyewe kabla hujaufuta. Vumbi kavu halina neno. Vumbi lililolowa na kung'aa lina habari: mafuta hutiririka kwenda chini, na upepo wa mwendo huyasukuma nyuma, hivyo chanzo mara nyingi ni ile sehemu yenye unyevu iliyo juu kabisa na mbele kabisa. Ukingo wa tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, ukiwa umelowa, gasketi yake imechoka. Ukoko wa rangi ya waridi au kijani kwenye mpira wa rejeta ni kulanti iliyovuja ikakauka. Piga picha kwa simu kila upande. Ndiyo maana pia nikienda kumkagulia mtu gari la kununua nikakuta injini safi kuliko viti, nasita. Muuzaji ameshafuta ushahidi.

Sasa kazi. Injini iwe imepoa kiasi cha kuweza kuwekea kiganja. Ekzosi inapotokea kwenye injini hufikia mamia ya nyuzi joto, na chuma cha namna hiyo kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Mfuniko wa rejeta usiuguse gari likiwa la moto. Maji yake yako kwenye presha, ukiufungua yanakurukia usoni. Kwenye betri toa waya wa negativu kwanza. Bodi yote ya gari imeunganishwa na negativu, kwa hiyo ukianza na positivu na spana ikagusa bodi, utaona radi ndogo. Gari likiwa la haibridi, nyaya za rangi ya chungwa ziache kabisa, usizisafishe wala kuzisogeza.

Kisha funika: alteneta, kisanduku cha fyuzi, kontroboksi (kompyuta ya injini) kama iko mbele, koili, na mdomo wa kuvutia hewa. Huo wa mwisho ni muhimu kuliko mtu anavyodhani, kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa ndani ya silinda, pistoni inayapiga na fimbo yake inapinda. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia nailoni iliyofungia godoro au friji, uifunge kwa mpira.

Petroli usiitumie kusafishia, hata kwa kitambaa. Mvuke wake hutambaa chini kutafuta moto, hata wa jiko la jirani. Mafuta ya taa yana nafuu kidogo tu, na hulainisha mipira. Kostiki hula aluminiamu, na injini nyingi za siku hizi ni aluminiamu. Nunua dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji, fuata kipimo cha kwenye kopo, vaa glavu.

Ipake kwa brashi ya rangi, kwenye kona tumia mswaki wa zamani. Iache dakika chache, isikauke. Halafu suuza kwa kitambaa kilicholowa au chupa ya kupulizia. Lita tano zinatosha injini nzima. Mashine ya presha mwachie anayeosha matairi ya lori, maana hupenya kwenye soketi zilizotengenezwa kuzuia mvua tu.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu Pwani ambalo vitabu vya gari havilitaji: maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Ukisuuzia maji hayo, yanakauka, chumvi inabaki kwenye pini za soketi, na miezi michache baadaye unakuta ukungu wa kijani na taa ambayo hakuna anayejua imewashwa na nini. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Na kama kisima chako ndicho unachochotea maji ya kunywa, fanya kazi mbali nacho. Tandika maboksi na unga wa mbao chini ya gari vinyonye mafuta.

Ukimaliza, toa nailoni, futa, acha boneti wazi juani kwa muda wa saa mbili hivi. Rudisha betri, positivu kwanza. Washa gari likiwa nje, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Mvuke kidogo juu ya ekzosi usikutishe. Dizeli au mafuta ya kung'arishia usipake. Vumbi huyapenda, na mkanda wa feni ukiyapata utapiga kelele.

Litembelee gari wiki moja. Kisha fungua boneti na tishu nyeupe mkononi, upitishe chini ya ukingo wa tapeti kava, sehemu ile ile iliyolowa kwenye picha yako. Ikitoka na doa la kahawia, usioshe tena. Njoo nayo gereji.