Ufaransa: Dini huishia langoni mwa shule

Mtoto Mkristo anayesoma shule ya serikali nchini Ufaransa haanzi siku kwa sala, wala hana kipindi cha dini, isipokuwa katika maeneo ya Alsace na Moselle.

Sheria ya mwaka 1882 iliondoa somo hilo katika shule za msingi, lakini iliwaachia wazazi siku moja kwa wiki, mbali na Jumapili, ya kuwafundisha watoto dini nje ya shule. Ile ya mwaka 2004 inakataza kuvaa msalaba mkubwa shuleni, mdogo unaruhusiwa.

Kwa familia zilizotoka Kongo, Rwanda au Burundi, ambako shule nyingi ni za makanisa, mzigo umehamia nyumbani. Mzazi asipompeleka mwanawe kwenye mafundisho, shule haitampeleka.