Mafuta Katika Chakula cha Samaki: Kinga ya Bwawani na Lishe ya Mezani

Mfugaji anapopoteza samaki wengi bwawani, mara nyingi hulaumu maji au hutafuta dawa. Yote mawili yana nafasi yake, lakini kuna chanzo kingine kisichoonekana kwa macho: aina ya mafuta yaliyomo katika chakula cha samaki. Mafuta hayo huathiri uwezo wa samaki kupambana na magonjwa, na baadaye huathiri pia lishe ya mlaji.

Mafuta yote yameundwa kwa asidi za mafuta. Baadhi yake mwili hujitengenezea, na nyingine hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo ni lazima zitokane na chakula. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1929 na George Burr na Mildred Burr, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, walipoona panya walionyimwa mafuta wakidumaa na kuugua ngozi. Asidi hizo za lazima ziko katika makundi mawili: omega-6, inayoongozwa na asidi ya linoleiki, na omega-3, inayoongozwa na asidi ya alfa-linoleniki. Kwa perege, asidi ya linoleiki huhitajika kwa takriban asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wa chakula. Perege na kambale, kama samaki wengi wa maji baridi, wanaweza kurefusha asidi hizi fupi na kupata zile ndefu, yaani EPA na DHA, ingawa kwa kiasi. Samaki wengi wa baharini hawana uwezo huo wa kutosha.

Asidi za mafuta hufanya kazi gani katika kinga? Kwanza, hujenga utando wa kila seli. Samaki hana uboho wa mifupa kama binadamu. Seli zake za kinga hutengenezwa hasa katika sehemu ya mbele ya figo, na wengu husaidia. Seli hizo hulazimika kusogea, kumzingira kimelea na kummeza. Utando ulio laini huziwezesha kufanya hivyo. Kwa kuwa joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji, utando wenye mafuta mengi yaliyoshiba hukakamaa maji yanapopoa, kama inavyotokea kati ya Juni na Agosti. Asidi zisizoshiba huuweka utando katika hali ya ulaini.

Pili, asidi hizo ni malighafi ya vichocheo vinavyoanzisha na kuzima mchochota, yaani wekundu, uvimbe na joto ambavyo mwili hutumia kujihami. Asidi ya arakidoniki, ya kundi la omega-6, huzaa prostaglandini na leukotriini zenye nguvu. EPA, ya kundi la omega-3, huzaa zile zilizo dhaifu zaidi na husaidia kutuliza. Omega-6 ikizidi sana, mchochota unaweza kukithiri. Omega-3 ikizidi sana, mwitikio wa kinga unaweza kupoa kupita kiasi, na mafuta hayo huharibika upesi. Kinachotakiwa ni uwiano.

Tatu, mafuta yaliyochacha ni sumu ya polepole. Yanapoungana na oksijeni huzalisha viini vinavyoharibu ini na kumaliza vitamini E, ambayo ni mlinzi wa seli za kinga. Samaki aliyekula mafuta hayo kwa muda mrefu huweza kupauka, kudhoofika, na hatimaye kushindwa na bakteria wa kawaida wa majini, kama vile Aeromonas.

Maelezo haya yana uzito wa pekee katika ukanda wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wilaya ya Kyela, ikiwemo Talatala, inasifika kwa mpunga, na michikichi hustawi huko. Pumba za mpunga ni chakula cha bei nafuu, na karibu theluthi moja ya mafuta yake ni asidi ya linoleiki. Lakini omega-3 yake ni kidogo mno, na kimeng'enya kilichomo humo huanza kuchachusha mafuta mara baada ya kukoboa. Mawese, kwa upande wake, yana nusu ya asidi zilizoshiba, kwa hiyo hutoa nishati zaidi kuliko kinga. Usipa waliokauka vizuri huleta EPA, DHA na protini, ila wakihifadhiwa penye joto na mwanga, mafuta yao huchacha pia. Mchanganyiko wa pumba mpya na usipa safi kwa hiyo ni bora kuliko pumba pekee.

Kwa mhudumu wa afya, jambo hili linahusu pia dawa. Samaki wenye kinga dhaifu huugua, na mfugaji hushawishika kutia viuavijasumu bwawani bila ushauri. Bakteria wa bwawani wakizoea dawa hizo, usugu wao unaweza kufika kwa binadamu. Aeromonas yenyewe huweza kuambukiza jeraha la mtu aliyechomwa na mwiba wa samaki, hasa mgonjwa wa ini au mwenye kinga pungufu. Jeraha la aina hiyo lioshwe mapema, na mgonjwa aulizwe kazi yake.

Kwa mlaji, mafuta ya samaki hufuata chakula alicholishwa. DHA husaidia kujenga ubongo na macho ya mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito hufaidika na samaki wadogo wenye mafuta, kama usipa, pamoja na perege. Perege aliyelishwa nafaka pekee huwa na omega-3 kidogo, lakini hubaki chanzo kizuri cha protini. Hakuna sababu ya kumwacha.

Mfugaji na azingatie haya: atumie pumba ndani ya siku chache baada ya kukoboa; ahifadhi chakula mahali pakavu, penye kivuli na hewa; atupe kinachonuka uchachu; achanganye vyanzo vya mafuta; na amwone mtaalamu wa uvuvi kabla ya kutia dawa yoyote majini.