Tunzeni Vijito: Ndege wa Nchi za Mbali Wavitegemea

Ndugu mkulima, kama wewe hulima nduma au sukuma wiki kando ya maji huko Kibera au Kawangware, habari hizi ni zako. Pengine utasema, "Mimi na ndege wa nchi za mbali tuna shauri gani?" Soma kwanza mpaka mwisho, kisha uamue.

Wazee husema kwamba jina la Kawangware latokana na neno la Kikuyu, ngware, yaani kwale. Na jina la Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, ambalo maana yake ni msitu. Basi majina haya mawili yatukumbusha kwamba mahali hapa palikuwa na miti na ndege kabla ya mabati na barabara. Hata jina la jiji lenyewe latokana na Wamasai, ambao waliuita mto wake "maji baridi". Reli ilipofika hapa mwaka 1899 mahali hapa palikuwa kinamasi.

Maji yako yaenda wapi?

Mto Nairobi waanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Washuka kupitia Dagoretti na Kawangware, ukakata katikati ya jiji. Mto mwingine, Motoine, waanzia upande wa Dagoretti, wapita katika msitu wa Ngong na kuingia katika bwawa la Nairobi Dam, chini ya Kibera. Ukitoka katika bwawa hilo huitwa Mto Ngong. Mito hii yote huungana mashariki ya jiji na kuingia Mto Athi. Athi hupita Machakos na Makueni, ambako wakulima wengi huyatumia maji hayo. Huko chini mto huitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho huingia baharini kaskazini ya Malindi.

Kwa hiyo, ndoo ya maji machafu iliyomwagwa leo Kawangware haikupotea. Imeanza safari ya kwenda pwani.

Sasa, pale Sabaki unapoingia baharini, kuna matope na mchanga mwingi, na hapo ndipo ndege wa maji hukusanyika kwa maelfu. Wengine ni vitwitwi wadogo, wenye uzito wa gramu kama 25 tu, ambao huzaa huko kaskazini ya mbali, Siberia, na kuja kwetu kati ya Agosti na Mei ili kuukimbia ubaridi. Wengine wana mabawa marefu kama ya mbayuwayu, na hao hutoka kisiwa cha Bukini, ambacho siku hizi huitwa Madagaska. Idadi yao imekuwa ikipungua.

Mgeni aliye hatarini

Kuna ndege mmoja wa Bukini ambaye yafaa umjue. Ni yangeyange wa Madagaska. Wakati wa kuzaa huwa mweupe kabisa na mdomo wake huwa wa buluu. Huzaa Madagaska na katika visiwa vichache vya jirani, kati ya mwezi wa Oktoba na Machi. Kisha huvuka bahari kuja Afrika Mashariki na ya Kati, akakaa kwetu tangu Mei mpaka Oktoba. Hapo huwa amebadili mavazi yake, amekuwa wa rangi ya udongo na mistari kifuani, hata mtu asiyemjua hudhani ni yangeyange wa kawaida wa hapa kwetu.

Ndege hawa waliobaki duniani ni maelfu machache tu, na wataalamu wamewaandika katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kule kwao, vinamasi vimegeuzwa mashamba ya mpunga, miti wanayojengea viota imekatwa, na mayai yao huchukuliwa. Huku kwetu hutafuta vijito vidogo, mabwawa na kingo zenye miti na matete, ili wapate vyura, samaki wadogo na wadudu. Wameonekana katika mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, si mbali na Kibera.

Fikiri habari ya mchungaji anayepeleka ng'ombe Nairobi kutoka Isiolo. Lazima ajue mahali pa maji pa kila siku ya safari. Kisima kimoja kikikauka, ng'ombe wake hufa njiani, hata kama visima vingine vyote vimejaa. Safari ya ndege ni hivyo hivyo.

Mataifa yamepatana

Kwa sababu hiyo hakuna nchi moja inayoweza kuwatunza ndege hawa peke yake. Madagaska ikilinda viota na Kenya ikiharibu vijito, kazi ya Madagaska ni bure. Na Kenya ikitunza vijito na Madagaska ikikata miti, kazi yetu pia ni bure.

Mapatano ya kwanza makubwa yalifanywa tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran. Nchi zilikubaliana kutunza vinamasi, maziwa na mabwawa. Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 1990, na ziwa la kwanza kuandikwa lilikuwa Nakuru. Baadaye yaliongezwa Naivasha, Bogoria, Baringo, Elmenteita na delta ya Mto Tana.

Kisha mwaka 1995, huko Uholanzi, yalifanywa mapatano ya kuhifadhi ndege wa maji wahamao wa Afrika, Ulaya na sehemu za Asia. Yalianza kutumika mwaka 1999, na Kenya iliingia mwaka 2001. Jirani zetu Tanzania na Uganda wamo, na Madagaska imo pia. Mwaka 2008 ulitolewa mpango maalum kwa ajili ya yangeyange wa Madagaska peke yake, unaozieleza nchi anamozaa na nchi anamokaa kazi ya kila moja. Na Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo husherehekewa katika nchi nyingi, ilizinduliwa papa hapa Kenya, huko Laikipia, mwaka 2006.

Tena kila Januari wataalamu wa Makumbusho ya Taifa na chama cha Nature Kenya, pamoja na watu wa kujitolea, huhesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa na katika mabwawa ya karibu na Nairobi. Hesabu hizo hupelekwa nchi nyingine, ili ijulikane ndege gani wanapungua na wanapungua wapi.

Lakini mapatano huandikwa mezani, na kijito kiko nyuma ya nyumba yako.

Bwawa lililozibwa

Nairobi Dam ilijengwa mwaka 1953, yenye eneo la kiasi cha ekari 88, ili iwe akiba ya maji ya jiji. Watu walikuwa wakipanda mashua za tanga humo na kuvua samaki. Baadaye maji ya vyoo, taka na udongo uliochukuliwa na mvua viliingia kwa wingi. Maji yakajaa mbolea ya uchafu, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 magugu maji yalifunika uso wa bwawa. Magugu hayo yakifunika maji, hewa haiingii, samaki hufa, na ndege anayetembea majini kutafuta chakula hana mahali pa kuweka mguu wala pa kuona windo lake.

Hasara hiyo si ya ndege tu. Kinamasi chenye mafunjo na matete ni kama sifongo. Hunywa mvua kubwa na kuitoa polepole, na huzuia udongo na uchafu. Kikizibwa au kikijengwa, maji hutafuta njia yao wenyewe. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Nairobi yaliua watu na kuchukua nyumba na mashamba ya kandokando ya mito. Bustani nyingi zilizolimwa mpaka ukingoni zilikwenda na maji kwa usiku mmoja.

"Nikiacha ukingo nitakula nini?"

Swali hili ni la haki, na halifai kujibiwa kwa maneno matupu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kulima kando ya mto kwa umbali wa mita 6 kwa uchache, na mpaka mita 30, kwa kupimia pale maji yalipopanda juu kuliko mara zote. Mtu mwenye kishamba cha hatua kumi huona amenyang'anywa chote. Tena ni kweli kwamba mkulima wa Kibera hawezi kuziba bomba la maji machafu la jiji kwa mikono yake. Hiyo ni kazi ya Serikali ya Kaunti na ya wenye viwanda, nao yawapasa waifanye. Lakini yako mambo ambayo wewe waweza kuyafanya, na yatakufaa hata kama hujali ndege hata mmoja.

Kwanza, lima katika magunia. Watu wengi wa Kibera wamekwisha kufanya hivi. Chukua gunia, weka mawe katikati tangu chini mpaka juu kama nguzo, na kandokando yake jaza udongo uliochanganywa na mboji. Toboa matundu ubavuni, panda miche ya sukuma wiki au spinachi katika matundu hayo na juu pia. Gunia moja hubeba miche 30 au zaidi. Mwagia maji polepole juu ya mawe, yatafika kila mahali. Gunia huhitaji nafasi ya hatua moja tu.

Pili, usitupe samadi ya nguruwe wala ya ng'ombe mtoni. Hiyo ni fedha yako. Tengeneza mboji: weka tabaka la majani makavu, tabaka la samadi, udongo kidogo na majivu. Nyunyiza maji, funika, na uchomeke fimbo ndefu katikati. Ukiitoa fimbo baada ya siku chache na ikawa ya moto, mboji yako inafanya kazi. Igeuze baada ya majuma matatu.

Tatu, usimwagilie mboga kwa maji ya vyoo au ya viwandani. Wataalamu wameona madini ya risasi katika mboga zilizomwagiliwa maji machafu ya Nairobi, na madini hayo hudhuru akili za watoto. Kinga maji ya mvua kutoka katika mabati yako.

Nne, ukingo wa mto uachie nyasi, matete na miti ya kienyeji. Usipande mkaratusi hapo, maana hunywa maji mengi mno.

Tano, usitege ndege kwa sumu ya wadudu. Huko Bunyala, katika mashamba ya mpunga, watu wamefanya hivyo na kuuza nyama yake. Anayeila nyama hiyo hula sumu.

Mwaka 2025 Serikali ilianza kazi kubwa ya kufufua Mto Nairobi. Kazi hiyo haitadumu kama wenye mashamba ya juu, Kawangware na Dagoretti, hawakuyatunza maji yanayotoka kwao, kwa maana maji hayapandi mlima. Basi kusanyikeni katika vikundi vyenu, mkubaliane mpaka wa ukingo, na mwulizeni Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yenu awasaidie katika habari za magunia na mboji. Mwezi wa Mei ukifika, tazama kijito chako asubuhi. Ukiona yangeyange wa rangi ya udongo amesimama kimya penye matete, usimrushie jiwe. Huenda amevuka bahari kufika hapo.