Bafu na choo katika kiwanja kidogo: anza na njia ya maji

Ukimwita fundi kambini Dzaleka, Malawi, akujengee choo na bafu, atakuuliza kwanza una matofali mangapi. Ni haki yake, kwa kuwa matofali ndiyo yanayokula pesa. Lakini choo hakianguki kwa uchache wa matofali. Kinachokiangusha mara nyingi ni maji ya kuogea yaliyokosa njia yake, yakaingia shimoni msimu baada ya msimu mpaka udongo ukalainika. Kwa hiyo kabla ya kupanga kuta, panga safari ya maji: yataingia wapi, yatapita wapi, yataishia wapi. Ukishayajua hayo, mahali pa kuta na mlango hapasumbui.

Jambo hili lina uzito zaidi kambini kuliko kijijini. Dzaleka ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994, wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine, na familia nyingi zikapokea ndugu. Watu wameongezeka, kiwanja ni kile kile. Mwanakijiji shimo lake likijaa huhamia upande wa pili wa mgomba. Wewe huenda una nafasi ya shimo moja tu, basi lazima lidumu.

Hesabu ya ndoo

Mtu anayeoga kwa ndoo hutumia kati ya lita 10 na 15. Tuchukue 12. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, inamwaga lita 72 kwa siku, sawa na lita 2,160 kwa mwezi. Sasa pima shimo la kawaida: kipenyo mita 1.2, kina mita 2.5, na nusu mita ya juu haijazwi. Nafasi inayobaki ni kama lita 2,260. Maji ya kuoga ya mwezi mmoja tu yanakaribia ujazo wa shimo zima.

Kinyesi chenyewe hakina haraka hiyo. Wahandisi hukadiria lita 60 kwa mtu kwa mwaka pale watu wanapojipangusa kwa karatasi au majani, na lita 40 hivi wanapotawaza kwa maji. Kwa watu sita, shimo lile lingechukua miaka sita au zaidi kujaa.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya maji hunywewa na udongo. Taabu huja Januari na Februari, mvua ikiwa imeshashibisha ardhi. Maji ya kuoga hayana pa kwenda, yanasimama shimoni, kuta zisizojengewa zinameguka, na slabu inaanza kuinama. Shimo lenye maji pia ni mazalio ya mbu. Maji ya kutawazia, lita moja au mbili kwa mtu, si tatizo. Tatizo ni ndoo.

Mipangilio mitatu

Wa kwanza ni chumba kimoja: unaoga ulipo na choo, maji yanashukia kwenye tundu. Kuta nne, mlango mmoja, bati moja, kwa hiyo gharama ni ndogo kuliko zote. Ndio mpangilio unaoharibu shimo upesi, ila kosa haliko kwenye chumba. Tazama mashua ndogo zinazojengewa safari za miezi baharini. Nafasi ikiwa finyu, choo na dushi hukaa chumba kimoja na kila kitu hulowa, lakini maji ya dushi hayapelekwi kwenye tangi la choo, maana lingejaa mara moja. Hushukia kwenye kisima kidogo chini ya sakafu, kisha pampu huyatoa nje. Kushiriki chumba hakulazimishi kushiriki shimo. Nyumbani hakuhitajiki pampu. Inua ukingo wa tundu sentimita tatu hadi tano juu ya sakafu, na iteremshe sakafu kuelekea kona ya mbali, kwenye bomba linalotoka nje.

Wa pili ni vyumba viwili vilivyopeana mgongo, ukuta wa kati ukiwa mmoja. Unaongeza matofali ya kuta tatu fupi na mlango wa pili, unapata choo kikavu na bafu ambalo mtu anaweza kulitumia huku mwingine yuko chooni. Asubuhi ya siku ya shule, nyumba ya watu wanane itaona faida yake. Chumba cha choo kinatosha kikiwa sentimita 90 kwa 120 kwa ndani. Bafu lipe mita moja kwa 1.2 angalau, ili mama aweze kumwogesha mtoto bila kugonga ukuta kwa kiwiko. Bafu liwe upande wa chini wa mteremko, ili maji yake yasipite kando ya shimo. Kwa familia nyingi za Dzaleka huu ndio mpangilio ninaoushauri.

Wa tatu ni kutenganisha kabisa: bafu karibu na nyumba, choo mwisho wa kiwanja. Ni desturi ya vijiji vingi vya Malawi, ambako bafu la nyasi husimama peke yake. Linamfaa mzee asiyeweza kutembea mbali na mgonjwa anayebebewa maji ya moto. Lakini linataka nafasi, na kambini nafasi ni adimu.

Maji yaishie wapi

Bafu lisilo na mwisho wa maji ni ugomvi na jirani. Maji yakitiririka kwenye kijia kati ya nyumba, watoto watayachezea, na matope yatamkuta mtu mlangoni kwake. Suluhisho la kawaida ni shimo la kunyonya. Udongo tifutifu wenye mfinyanzi kiasi hukadiriwa kunywa lita 20 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo. Lita 72 zinataka mita za mraba 3.6. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita moja na kina cha mita 1.2 lina mita za mraba 3.8 hivi za ukuta, basi linatosha. Lijaze vipande vya matofali ya kuchoma au mawe. Matofali mabichi usiyatie, yatarudi kuwa udongo. Juu funika kwa turubai na udongo.

Jaribu ardhi kabla ya kuchimba. Toboa kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yakinywewa kijaze tena, kisha subiri saa moja. Maji yakishuka sentimita kadhaa, endelea. Yakisimama kama yalivyo, mfinyanzi ni mwingi, na shimo la kunyonya litakuangusha. Hapo panda migomba au magimbi na uelekeze maji kwenye mtaro wa duara uliojazwa majani makavu kandokando ya mimea. Mimea itakusaidia kuyamaliza.

Shimo la choo na la kunyonya yote yakae mita 30 au zaidi kutoka kwenye mjigo (kisima cha pampu ya mkono) au kisima kingine chochote, na chini ya shimo pabaki mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Wanaoyaona masharti haya kuwa ya vitabuni wakumbuke kipindupindu kilichoanzia Machinga mwezi Machi 2022, kikaenea nchi nzima na kuua watu zaidi ya 1,700. Malawi haikuwahi kupata mlipuko mbaya kuliko huo.

Juu ya shimo

Choo cha shimo kina njia mbili za kupambana na nzi na harufu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni mfuniko: slabu laini ya saruji, tundu dogo, mfuniko unaobana. Ya pili ni bomba la hewa, mtindo uliobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970. Bomba la plastiki la milimita 110 au zaidi hupanda nusu mita juu ya paa, mdomo wake umefungwa wavu. Upepo ukipita juu huvuta hewa kutoka shimoni, na nzi wanaofuata mwanga wa bomba hunaswa kwenye wavu. Njia hii inataka chumba chenye giza kiasi na tundu lisilofunikwa, kwa kuwa hewa lazima ishuke. Ukiweka bomba na mfuniko pamoja, umelizuia bomba kufanya kazi. Upana wa tundu usizidi sentimita 25, mtoto asije akatumbukia.

Kwa kiwanja kisicho na nafasi ya shimo la pili refu, kuna mashimo mawili mafupi ya kupokezana, yasiyozidi mita 1.5 kwenda chini. Unatumia moja, na kila baada ya kujisaidia unatupia udongo, jivu na majani makavu. Likijaa, kwa familia ya watu sita kama baada ya mwaka, unahamishia slabu kwenye la pili. La kwanza likikaa mwaka mzima, unachimbua mbolea inayofaa bustani, na shimo linarudi kazini. Mafanikio yake yote yanategemea ukavu. Ndoo za kuogea zikiingia humo, utachimbua tope.

Watu ndani ya jengo

Upepo mkuu wa miezi mikavu hapa hutoka kusini-mashariki. Jengo likae kaskazini-magharibi mwa jiko kama kiwanja kinaruhusu, na penye bomba la hewa mlango uelekee upepo. Kibla kwa Malawi ni kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo tundu likilazwa mashariki–magharibi Mwislamu hataielekea wala kuipa mgongo. Mlango usitazame barazani. Mkwe aliyekuja kusalimia hapaswi kukutana uso kwa uso na mwenye nyumba akitoka na kopo mkononi. Ukuta mfupi wa kukinga mbele ya milango miwili hutatua hilo kwa matofali machache.

Waulize wanawake na wasichana wa nyumba kabla ya kuchagua mahali. Watakuambia njia ipi ina giza, komeo likae urefu gani, na kwamba bafu linahitaji kamba au msumari wa kutundika nguo na kona ya kufulia vitambaa vya hedhi bila kuonekana. Paa la bafu si lazima, lakini kuta zipite kichwa cha mtu mrefu. Nje ya mlango wa choo weka kibuyu chirizi na sabuni.

Onyo moja la Juni na Julai: nyanda za Dowa zina baridi, na wapo wanaoingiza mbaula, yaani jiko la mkaa, bafuni ili kupasha chumba. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua. Chemsha maji nje, mbaula ibaki nje.

Anayejenga Lilongwe

Mjini bafu huhamia ndani ya nyumba, lakini kanuni haibadiliki. Sehemu kubwa ya Lilongwe haijafikiwa na mabomba ya maji taka ya jiji. Mwenye nyumba hutegemea tangi la septiki na shimo la kunyonya. Mpe fundi idadi ya watu watakaolala nyumbani, wapangaji wa nyumba ya nyuma wakiwemo. Maji yakae tangini siku moja angalau kabla ya kutoka, la sivyo taka zitafuata na kuziba udongo wa shimo. Maji ya dushi ukiyapitisha humo, tangi liwe kubwa zaidi.

Choo, dushi na sinki vikae kwenye ukuta mmoja, ikiwezekana ule wenye jikoni nyuma yake. Mabomba yatakuwa mafupi na fundi atajua pa kutafuta yakivuja. Sakafu ya bafu ishuke sentimita mbili au tatu chini ya ukumbi, na iteremke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la sakafu. Chini ya tundu hilo pawe na siphoni inayobaki na maji, vinginevyo harufu ya tangi itapanda. Dushi iwe mbali na mlango, choo kiwe karibu, ili anayekwenda haja asikanyage maji.

Maji ya bomba hukatika. Choo cha kumwagia kwa kopo hutosheka na lita mbili au tatu, ilhali cha kuvuta hutaka sita hadi tisa kila mara. Ukichagua cha kuvuta, tenga nafasi ya pipa la lita 200 bafuni tangu kwenye mchoro, karibu na choo, si nyuma ya mlango.

Pesa ikiwa haitoshi kwa yote

Kazi ifuatane hivi: shimo lililojengewa ukingo imara, slabu nzuri, sakafu ya bafu yenye mteremko, bomba, na shimo la kunyonya. Hivyo ni vitu vya chini, na ukishajenga juu yake, kuvirekebisha ni kubomoa. Kuta zinaweza kuanza kwa nyasi au turubai na kungoja matofali mwaka ujao. Mlango unaweza kuwa gunia. Fundi akimaliza sakafu, usimlipe sehemu ya mwisho kabla ya kumwaga ndoo nzima bafuni na kuifuata kwa macho hadi itokomee ardhini. Maji yakisimama popote njiani, kazi haijaisha.