Je, Wajua? Ritifaa Nayo Ipewe Nafasi Yake

Je, wajua kwamba ukitoka Adams Arcade kuingia Woodley, jijini Nairobi, unapita kwenye jina linalowatoa jasho watunzi wa chemshabongo? Barabara ya Joseph Kang'ethe ina jina la kiongozi wa Kikuyu Central Association, chama kilichopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1940. Hebu lijaze KANG'ETHE kwenye jedwali. Herufi ni 8, na ritifaa haina mraba. Ngũgĩ wa Thiong'o naye yanamkuta yayo hayo.

Je, wajua kwamba ritifaa si pambo? NG' ni konsonanti moja kamili. Aliyeulizwa "toa ardhini pamoja na mizizi" atajibu ng'oa. Aliyeulizwa "wivu" atajibu ngoa. Wote wawili watajaza herufi zile zile 4, na jedwali halitajua nani kasema nini. Hilo ni kosa la sarufi tunalolichapisha wenyewe.

Je, wajua kwamba chemshabongo ya kwanza gazetini, kazi ya Arthur Wynne, ilitoka New York tarehe 21 Desemba 1913? Yeye alikuwa na herufi 26. Kiswahili hakitumii Q wala X, na C haitembei bila H.

Je, wajua kwamba maneno yetu ya asili huishia kwa irabu? Ukikwama kwenye kitenzi, tia A mwishoni. Mara nyingi utapata. Tazama pia KUSADIKIKA, nchi ya Shaaban Robert iliyo angani: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, hadi mraba wa 10. Sijaona neno linalopitana na mengine kwa urahisi kuliko hilo.

Je, wajua kwamba miraba 10 yatosha sentensi nzima? NILIMSOMEA: ni- ni mtenda, -li- wakati uliopita, -m- mtendewa, -som- mzizi, -e- kauli ya kutendea, -a kiishio.

Je, wajua kwamba Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Matondoni, Lamu, mwaka 1927, ndiye aliyebuni "runinga"? NABHANY ni herufi 7, RUNINGA 7.

 

Wahariri wa kurasa za chemshabongo, iandikeni ritifaa ndani ya mraba wa G. Nafasi ipo.