Kuandika Kazi Wahitimu wa Chuo Kikuu: Mwajiri Aanzie Wapi?

1. Utangulizi

Kila mwaka vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kinshasa, Kisangani na Bukavu hutoa wahitimu wapya. Waajiri husema hawapati watu wanaowafaa. Wahitimu nao husema kila tangazo linadai uzoefu wa miaka kadhaa, nao hawajapewa mahali pa kuupatia uzoefu huo. Malalamiko haya mawili yana chanzo kimoja: mwajiri na mhitimu hukutana kwa kuchelewa, siku ambayo mmoja ana karatasi mkononi na mwingine ana haraka. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia mfano wa Lubumbashi, namna mwajiri anavyoweza kuanza mapema na kuchagua vizuri.

2. Maneno na historia

Katika Kiswahili cha Katanga, kupata ajira ni «kuandikwa kazi». Maana hiyo ya kitenzi «kuandika» imo pia katika kamusi za Kiswahili sanifu. Neno «kibarua» nalo limetokana na «barua», yaani kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Maneno haya yanakumbusha kwamba kuajiri kulionekana tangu zamani kuwa jambo la orodha na karatasi.

Historia ya eneo hili inathibitisha jambo hilo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga ili kutafuta wafanyakazi. Mawakala walikwenda mbali kukusanya watu, na wengi wa watu hao walitoroka, walifariki au walirudi makwao mara tu mikataba yao mifupi ilipokwisha. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, kampuni ilibadili siasa yake: mikataba ya miaka mitatu, wafanyakazi kuishi pamoja na familia zao, na shule kwa watoto. Siasa hiyo ilikuwa na ukali wa kikoloni, wala haifai kuigwa. Hata hivyo, inatoa fundisho moja: mwajiri anayetegemea kuokota watu walio tayari hulipa mara mbili, yaani gharama ya kuwatafuta na gharama ya kuwapoteza.

3. Njia zinazofaa

3.1. Kuanza kabla ya diploma

Samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya staji na huandika tasnifu. Mara nyingi staji hugeuka kuwa desturi tupu: kijana hutumwa kutoa fotokopi, kisha hupewa cheti chenye muhuri. Mwajiri mwenye busara humkabidhi kazi halisi yenye mwanzo na mwisho, humwekea mfanyakazi mmoja wa kumwongoza, na humpa walau nauli na chakula. Asipofanya hivyo, watakaoweza kufanya staji ni wale tu ambao wazazi wao wana uwezo, na uchaguzi utakuwa umekwisha kuharibika kabla haujaanza.

Vilevile, kampuni inaweza kuwaeleza walimu wa chuo matatizo yake yanayohitaji uchunguzi: maji machafu ya kiwanda, hesabu za ghala, au maelezo ya usalama ambayo wafanyakazi hawayaelewi. Mwanafunzi hupata mada ya tasnifu, na kampuni humwona akifikiri kwa miezi mingi. Mahojiano ya nusu saa hayawezi kufanya hivyo.

3.2. Kutangaza kwa uwazi

Nafasi nyingi hujazwa kwa njia ya ndugu na marafiki. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kampuni si ngoma ya ukoo. Tangazo libandikwe chuoni na lipelekwe pia kwenye Ofisi ya Taifa ya Ajira (ONEM), iliyoundwa mwaka 2002. Litaje kazi yenyewe, mahali, aina ya mkataba na siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Jina la shahada nalo linahitaji uangalifu. Katika mfumo wa zamani, «licence» ilipatikana kwa kawaida baada ya miaka mitano: mitatu ya «graduat» na miwili zaidi. Katika mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, «licence» ni ya miaka mitatu. Tangazo linalodai «licence» bila maelezo linaweza kuwaita watu wa viwango viwili tofauti.

Aidha, nakala zilizothibitishwa zina gharama, na diploma huchelewa kutolewa. Inatosha kuomba kwanza barua na maelezo mafupi ya masomo. Hati nyingine zidaiwe kwa wale waliochaguliwa tu, na hati ya kufaulu ikubaliwe wakati diploma inangojewa.

3.3. Kupima kazi pamoja na lugha yake

Mahojiano hufanywa kwa Kifaransa. Hata hivyo, mhandisi wa Lubumbashi atatoa maagizo karakanani kwa Kiswahili, na mganga atamwuliza mama mgonjwa kwa Kiswahili mahali panapomuuma. Yule anayesema Kifaransa kizuri lakini hawezi kueleza hatari ya mtambo kwa lugha ya wafanyakazi hajakamilika kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mtihani ufanane na kazi: mtahiniwa apewe tatizo dogo, aandike ripoti yake kwa Kifaransa, kisha alieleze kwa Kiswahili. Watahiniwa wote wapewe swali moja na wapimwe kwa vigezo vilevile, vilivyoandikwa kabla ya mtihani.

3.4. Mkataba na miezi ya kwanza

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaruhusu kipindi cha majaribio, mradi kiandikwe. Kwa mfanyakazi mwenye ujuzi hakiwezi kupita miezi sita. Kipindi hicho ni cha kufundisha na kupima, wala si njia ya kupata kazi kwa bei nafuu. Mhitimu anayebaki «stajeri» mwaka mzima bila mkataba hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutafuta mlango mwingine.

4. Hitimisho

Neno «kuhitimu» lilitumika kwa mtoto aliyemaliza kusoma Kurani chuoni. Lilimaanisha mwisho wa masomo, ambao kwa mtoto huyo ulikuwa mwanzo wa kuhesabiwa miongoni mwa wenye elimu. Mwajiri anayeuona mwanzo huo, akaufikia mapema na kuupima kwa haki, atapata watu wa kudumu naye. Chuo nacho kina wajibu wa kumfungulia mlango, kwa kuwa tasnifu inayolala kabatini haimwandiki mtu kazi.